Mlango wazi si mwaliko

Ndugu vijana, makamarade, wanafunzi wa Masisi na Walikale popote mlipo, Goma, Bukavu, Kisangani, Butembo, ao kule kule nyumbani,

Kila mwaka wa masomo ukianza, afishi zinabandikwa kwenye kuta za kampusi. Siku ya Utamaduni. Karamu ya kupokea wapya. Konferansi ya amani. Mechi ya umoja. Chini kabisa ya afishi wanaandika: "Wote mnakaribishwa." Siku yenyewe inafika, unaingia ndani ya sale, unaangalia nani yuko na nani hayuko, na unaelewa kama lile neno la chini lilikuwa mapambo tu.

Tunasema wazi, bila kuogopa wakubwa wala wenzetu: mlango wazi si mwaliko. Mwenye kupanga saa, bei, lugha na fasi ya mkutano, yeye njo anaamua nani ataingia. Akisema "hatukukataza mtu", asituchekeshe. Hakukataza kwa mdomo. Alikataza kwa programu.

Tulichokiona

Katika kampusi moja ya mkoa huu (jina tunaliacha, juu haiko peke yake), komite ya wanafunzi ilitengeneza Siku ya Utamaduni. Wazo lilikuwa zuri. Lakini barua za mwaliko hazikwenda kwa wanafunzi, zilikwenda kwa mutuele. Mutuele ya Wahunde ilete wachezaji wake. Ya Wahutu ilete wake. Ya Watutsi, ya Wanande, ya Wanyanga, vilevile. Kila mutuele ikapewa mstari wake wa viti, na karatasi ya kuandika majina ya watu wake. Mlangoni vijana wawili wakashika zile karatasi.

Akafika mwanafunzi mmoja wa Walikale, Mkano. Wakamuuliza: "We uko wa mutuele gani?" Akajibu kwamba kwao hawana komite hapa, wako watatu tu kampusi nzima. Wakamwambia: "Basi ukae na Banyanga, si munatokaka fasi moja?" Nyuma yake kulikuwa dada wa Masisi, baba Mhutu, mama Mhunde. Yeye hakungoja kuulizwa. Aligeuka, akashuka ngazi, akaenda zake.

Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyempiga. Kesho yake picha zikatoka, watu wakicheka, na juu yake maneno "umoja katika tofauti". Dada hayuko kwenye picha, na hakuna aliyeuliza yuko wapi.

Hii njo tunayokataa.

Sisi si ngoma tano za kupangwa kwenye mstari

Masisi ina shefri mbili, Bahunde na Bashali, na sekta mbili, Osso-Banyungu na Katoyi. Walikale ina sekta mbili, Wanianga na Bakano, na peke yake inakamata zaidi ya theluthi moja ya mkoa mzima wa Kivu ya Kaskazini. Humo mna Wahunde, Wanyanga, Wakano, Watembo, Wakumu, Wahutu, Watutsi, Wanande, Wambuti. Kuna familia ambazo mkoloni Mbelgiji alizileta Masisi kutoka Rwanda kuanzia mwaka 1937, na leo vitukuu vyao wanaketi kwenye auditware moja na vitukuu vya wale waliowakuta. Kwenye migodi ya Walikale, kama Bisie, kumekutana watu wa kila kona ya Kongo, wameoana na wamezaa.

Sasa mtoto wa hiyo ndoa akifika kampusi, mnamwambia achague mstari wa viti. Akichagua wa baba, amemkana mama. Akichagua wa mama, watamwita mjanja. Akibaki katikati, hana kiti. Na nyinyi mnaita hiyo utamaduni!

Utamaduni haukuanza kwa mistari. Kule kwetu, soko la Jumatano halikuuliza kabila kabla ya kuuza viazi. Ugonjwa ukiingia kijijini, kipoyi kinabebwa na mabega yaliyo karibu. Watu wa vijijini wamejua zamani kukaa pamoja bila karatasi mlangoni. Karatasi ni ya wasomi. Hii tunapashwa kuikubali kwa haya.

Tunajua njia hii inafika wapi

Wengine watasema tunakuza mambo, ni sherehe tu. Basi tukumbushane.

Mwanzoni mwa mwaka 1973, kule Rwanda, karatasi zenye majina ya wanafunzi Watutsi zilibandikwa kwenye kuta, hata chuo kikuu cha Butare, na wenye majina wakafukuzwa. Mwezi wa Juni 1995, kule Bujumbura, wanafunzi Wahutu waliuawa usiku ndani ya kampusi ya Chuo Kikuu cha Burundi, na waliowaua walikuwemo wenzao wa masomo. Hapa kwetu, Lubumbashi, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, watu wenye silaha waliwashambulia wanafunzi ndani ya vyumba vyao. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa hadi leo, lakini walionusurika walisimulia kwamba washambuliaji walikuwa na neno la siri: asiyejua kulijibu njo aliyepigwa.

Kabila zilikuwa tofauti, nchi zilikuwa tofauti, waliolia walikuwa tofauti. Kazi ilikuwa moja: kuwatenga wanafunzi kwanza, kisha kuwapiga. Na kuwatenga hakuanzi na panga. Kunaanza na mtu mwenye karatasi akiuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "We uko wa wapi?"

Na Masisi na Walikale tusijifanye wageni kwa hiyo habari. Miaka ya mwisho ya Mobutu, mutuele za jamii, zilizokuwa vyama vya kusaidiana, ziliingia siasa mzimamzima, kila moja ikihesabu watu wake na ardhi yake, na swali la nani ni raia wa kweli likawa wimbo wa kila mkutano. Mwezi wa Machi 1993 watu wakauawa kwenye soko la Ntoto, Walikale. Moto ukashika Masisi. Ndani ya miezi michache maelfu ya watu wa jamii zote walikuwa wamekufa, na zaidi ya 200,000 wamekimbia nyumba zao. Wazazi wetu wanakumbuka. Wengi wao mpaka leo hawataki kulisimulia.

Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 imekwisha kuandikwa. Kifungu cha 13 cha Katiba kinakataza kumbagua Mkongomani yeyote katika masomo kwa sababu ya asili, dini, lugha ao kabila lake. Nchi imekwisha kujibu kwenye karatasi. Kampusi bado inauliza mlangoni.

"Lakini mutuele inasaidia"

Ndiyo, inasaidia, na hatutadanganya. Mwanafunzi akifiwa, mutuele njo inanunua sanduku. Akikosa minervali, mutuele inachanga. Mwaka 2025, vita ilipoingia Masisi-kati mwanzo wa Januari, Goma mwisho wa mwezi ule, na Walikale-kati mwezi wa Machi, wengi wetu tulilala kwa watu wa kwetu, na bila wao tungelala inje. Serikali haikuwa hapo. Mutuele ilikuwa hapo.

Kwa hiyo hatusemi mutuele zifungwe. Tunasema zibaki kwenye kazi yao: msiba, ugonjwa, nauli, chumba. Zisiwe ufunguo wa sale ya wote. Kampusi ni ya mwanafunzi kwa sababu amejiandikisha, amelipa, na ana kadi. Hahitaji kupita kwa mzee wa jamii ili akae kwenye kiti cha kampusi yake.

Na tumseme pia yule anayefurahia sana mistari ile: mwanasiasa. Anayetuma mbuzi, fulana na sono kwa Siku ya Utamaduni hatumi kwa kupenda ngoma. Sale iliyokwisha kupangwa kwa makabila ni daftari la kura lililokwisha kuhesabiwa. Anafika, anasalimia kila mstari kwa lugha yake, anaondoka akijua idadi. Sisi tunabaki na fulana, na mstari.

Milango mingine iliyofungwa bila kufuli

Kabila si mlango peke yake. Angalieni programu zenu.

Saa. Mnaandika saa 12 ya jioni, kisha mnaanza saa 2 ya usiku. Dada anayekaa mbali atarudi na nani? Motari wa usiku anaongeza bei, na njiani kuna wenye bunduki. Halafu mnasema "wasichana hawapendi mambo ya kampusi". Wanapenda sana. Wanapenda pia kufika nyumbani wazima.

Siku. Kila kitu Jumamosi. Waadventisti wako wengi katika mkoa huu, na Jumamosi yao ni ya Mungu. Konferansi zenu za Ijumaa zinaangukia saa ya sala ya Waislamu. Siku moja ikigongana na ibada ya mtu, ni bahati mbaya. Miaka mitatu mfululizo, ni uamuzi.

Bei. Kuingia ni dola, na juu yake kitenge cha sare. Asiye na kitenge anasimama nyuma, ao hatokei kabisa. Kati yetu kuna walioishi kambini Bulengo na Lushagala, wenye wazazi waliopoteza ng'ombe, shamba na nyumba kwa wiki moja. Mnamtoza mdeplase dola 10 ili acheze umoja?

Lugha. Mwanzo hadi mwisho ni Kifaransa cha kuonyeshana, kana kwamba Katiba haikutaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetoka Pinga ao Nyabiondo anaelewa vizuri somo lake, lakini kusimama mbele ya watu 300 akosolewe "le" na "la", hapana, ananyamaza. Na mkiacha Kifaransa, mnamuweka mchekeshaji anayeiga matamshi ya kabila fulani na kupima pua za watu. Sale inacheka. Mwenye pua anacheka pia, juu asipocheka atajulikana.

Ngazi. Sale iko juu, ghorofa ya pili. Vita imetuachia vijana wenye mguu mmoja, wenye risasi ndani ya uti wa mgongo. Kongo ilijiunga na mkataba wa dunia wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na sheria yake yenyewe ilitoka tarehe 3 Mei 2022. Mnamwambia: "Tutakubeba." Mtu si gunia la saruji. Shusheni mkutano chini.

Kinyago. Mmbuti anaalikwa kucheza, hajawahi kualikwa kupanga. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 juu ya haki za Wapigme wenyeji inajulikana na kila mwanafunzi wa sheria, lakini kwenye komite hamna hata mmoja wao. Mnamtaka na majani kiunoni, hamumtaki na kalamu.

Kidonda. Hapa tuseme polepole. Mwaka 2010, Luvungi na vijiji jirani vya Walikale, zaidi ya watu 300 walibakwa ndani ya siku nne. Tangu hapo, kila konferansi juu ya ubakaji inataka "ushuhuda". Anatafutwa dada yeyote wa Walikale, anapewa mikrofoni, simu zinapigwa juu, na wote wanangojea alie. Yeye alikuja kusoma uchumi! Kumweka mtu mbele ya sale kwa sababu ya mahali alipozaliwa, huko pia ni kumfungia mlango: anaingia kama kidonda, haingii kama mwanafunzi.

Na sisi wenyewe?

Tusinyooshee wengine kidole tukisahau vinne vinavyotuangalia. Mikutano ya harakati yetu pia imefanyika usiku. Pia imejaa vijana wanaume wa mjini. Mara nyingine tumeandika tamko juu ya Walikale, na ndani ya chumba hamkuwa mtu hata mmoja wa Walikale. Mwenzetu mmoja alituambia: "Munasemaka juu yetu kama batu balisha kufa." Aliposema hivyo tulinyamaza. Alikuwa na haki. Haya tunayodai kwa komite, tunajidai sisi wa kwanza, na mkituona tukivunja, mtuseme hapa hapa mbele ya watu wote.

"Vita iko, nyinyi munasema juu ya karamu"

Hiyo tumeisikia mara mingi. Tunajibu hivi. Bunduki hatunazo, na hatuzitaki. Jeshi hatuliongozi. Mazungumzo ya Doha na Washington hatukualikwa. Tulicho nacho ni sale, viti, mikrofoni moja, na vijana mia chache wa jamii zote wanaokaa chini ya paa moja kwa miaka mitatu ao mitano ya maisha yao. Hiyo haipatikani fasi ingine ile. Kijijini barabara imefungwa. Sokoni watu wanaogopana. Kampusi njo fasi ya mwisho ambapo mtoto wa Bashali na mtoto wa Bakano wanaweza kugombana juu ya noti za mtihani na si juu ya kilima.

Na walio leo kwenye komite njo kesho watakuwa walimu, wauguzi, wasimamizi wa teritware, wabunge. Aliyezoea kushika karatasi ya kabila mlangoni kwa sherehe, siku moja atashika karatasi ya kabila mlangoni kwa unga wa msaada. Kisha kwa kazi. Kisha kwa jambo lingine. Mazoea ni mazoea.

Tunachodai

Kwa komite zote za wanafunzi, na kwa wakubwa wa vyuo wanaotia sahihi kwenye ruhusa:

1. Majina yaandikwe kwa promosyo na fakilte, basi. Neno "kabila", "mutuele" ao "asili" litoke kwenye kila karatasi ya kuingilia. Viti visiwe na mwenyewe.

2. Anayepanga asiwe mtu wa aina moja. Kila promosyo itume watu wawili, mmoja msichana. Wawepo pia mwenye ulemavu, na mtu aliyefika kutoka kijijini mwaka huu huu. Waitwe kabla ya bajeti kupigwa, si siku ya kupanga viti.

3. Mambo yaishe kabla ya jua kuzama. Siku zizunguke: leo Jumatano, mara ingine Jumapili mchana, ili mzigo usianguke kila mara juu ya dini moja.

4. Kuingia bure. Hakuna sare ya lazima. Franka zikikosekana, punguzeni sono na nyama, msipunguze watu.

5. Kiswahili kiongoze, Kifaransa kifuate, na anayetaka kusema lugha ya kwao aseme, atafsiriwe. Akiwepo asiyesikia, atafutwe mtu wa kumtafsiria kwa ishara.

6. Mkutano ufanyike chini, fasi ambayo kiti cha magurudumu kinaingia. Kama hakuna sale ya chini, basi kwenye kiwanja.

7. Ngoma ziko huru, mtu yeyote acheze ya yeyote. Mhunde akitaka kujifunza intore, ajifunze. Mtutsi akitaka kupiga ngoma ya Wanyanga, apewe fimbo. Lakini kabila la mtu likigeuzwa kichekesho, mikrofoni izimwe papo hapo.

8. Hakuna kumwita mtu atoe ushuhuda bila yeye mwenyewe kutaka, na kuambiwa mapema, mbali na watu. Hakuna picha bila ruhusa.

9. Baada ya sherehe, komite ihesabu na wasiofika, iwaendee, iwaulize kwa nini. Jibu libandikwe kwenye ukuta, pamoja na hesabu ya franka: zilizoingia, zilizotoka, na nani alizitoa.

Hakuna hata moja kati ya haya inayodai dola za mfadhili. Kubadilisha saa ni bure. Kuchana karatasi ya makabila ni bure kabisa.

Ninyi mnaosoma

Mkiiona afishi inayofuata, msipite tu. Simameni mbele yake na muulize: ni saa ngapi, ni franka ngapi, ni lugha gani, ni ghorofa ya ngapi, na jina langu litaandikwa chini ya nini? Jibu likiwa baya, mwendeeni mwenye afishi, kwa adabu, mkiwa wengi. Asiposikia, mwandikieni barua. Asiposikia tena, siku ya sherehe simameni inje ya mlango, wa makabila yote, mkichanganyika, bila fujo, na mkatae kusema mko wa mutuele gani. Mtu akiulizwa ajibu: "Niko wa promosyo ya pili." Imetosha.

Na yule dada wa Masisi, aliyeshuka ngazi ile siku: kama unasoma hapa, tunakuomba msamaha. Tulikuwa ndani, tumekwisha kukaa kwenye mistari yetu. Tulikuona ukigeuka, na hatukuinuka. Safari ijayo tutashuka na wewe, ao utapanda na sisi. Kukaa tukitazama, hapana tena.

Tuko wamoja, hata wakitupanga.